Vidonge vya Valentine

Mvua za Novemba zilipompa Valentine kifua, nyanya yake Jedidah hakuwaza safari ya Voi kama zamani. Tangu mageuzi ya katiba yalete serikali karibu, kijijini kwao Makwasinyi kulikuwa na dispensari, na nesi Thadeus, ambaye watu walimwita daktari mpaka akachoka kuwasahihisha.

"Vitatu asubuhi, nyanya, vitatu jioni, siku tano," Thadeus akamwambia akimpa vidonge. " Yeyusha kwa maji. Hata ukimwona anakimbiza kuku, usiache."

Jioni hiyo jirani yake Wayua akaja kuomba moto, mwanawe Mulinge mgongoni akikoroma kama paka.

"Kitendawili!" Jedidah akamchokoza mjukuu.

"Tega!" Kasauti kama uzi.

"Nagawa kila siku wala hakipungui."

"Moto!" Valentine akacheka mpaka akakohoa.

Mulinge naye akakohoa. Wanawake wakatazamana.

"Mpeleke kwa daktari, Wayua."

"Mama Ben, na wewe!" Wayua akamjibu Jedidah. " Niende nikaambiwe dawa imeisha, rudi kesho kutwa?"

Maisha yote ya Jedidah dawa ilikuwa mgeni wa siku moja, aliyemuwahi ndiye aliyemwona. Tena alilelewa kwamba hutafuni mwenzio akikutazama. Akamwaga vidonge kwenye sinia: hiki cha Valentine, hiki cha Mulinge, mpaka vikaisha. Kuanzia hapo, kila mtoto kimoja na nusu asubuhi, kimoja na nusu jioni.

Siku mbili Valentine alipata nafuu. Ya tatu homa ikarudi na hasira zake. Ya nne, kulipokucha, mbavu zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi. Jedidah akamfunga mgongoni, akakimbia na uzee wake. Karibu na lango la dispensari akahisi mzigo umebadilika uzito.

Thadeus alifanya yote ya kufanya. Kisha akaketi sakafuni kando yake.

"Pole, nyanya. Sielewi. Dawa ilikuwa ndiyo hiyo. Ulimpa yote?"

Nyuma ya Thadeus mlango wa stoo ulikuwa wazi. Maboksi ya dawa ileile yalipangwa mpaka usawa wa dirisha.

"Hizo zote ni za nani?" Jedidah akauliza.

"Za watoto wa hapa. Yeyote akija."

Angeweza kusema ndiyo, nilimpa yote. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Kanisa zima lingeimba naye, na mwanawe Ben, akifika kutoka Mombasa kumzika mtoto wake, angelilia begani pake.

"Nilimpa nusu," akasema. "Nusu anakunywa Mulinge wa Wayua. Nilidhani ndizo za mwisho. Usinitazame hivyo, baba. Nenda! Nimepita kwao asubuhi hii, nimemsikia anavyohema."

Thadeus akanyakua boksi na mkoba, akatoka mbio. Pikipiki ikakataa mara mbili, ikawaka.

Jedidah akamvuta Valentine mapajani, akamfunika miguu. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi.