Simu za Kumwulizia Jaji

Kazini wananiita Kupe, kwa sababu nikishamng'ang'ania mzazi kwa simu sibanduki. Utafiti wetu unafuatilia watoto waliolazwa kwa homa kali ya mapafu. Wengi hudhani mtoto akishatoka wodini amepona, kumbe baadhi hufia nyumbani, nasi tulitaka kujua ni nani, lini na kwa nini. Kila mwisho wa mwezi napiga simu na kuuliza maswali tisa. Mwezi wa sita tangu mtoto aruhusiwe naenda mwenyewe na mizani. Katika watoto mia mbili na kumi sikuwahi kupoteza mawasiliano na hata mmoja, na nilijisifu kwa hilo mpaka wenzangu wakanichoka.

Mmoja wa watoto hao alikuwa na miezi kumi na moja. Tulimwita Jaji, kwa jinsi alivyomkazia macho kila aliyemsogelea na sindano, utadhani anampangia kifungo. Alikaa wodini siku kumi na tisa, tisa kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Siku ya kuruhusiwa mama yake alisimama mlangoni pangu, mtoto mgongoni, begi mkononi. Alikuwa mwanamke mdogo asiye na maneno. Nami nilikuwa na wazazi wengine wanne wananisubiri, na njaa inaniuma. Nikampa karatasi ya dalili za hatari, nikamwambia aisome vizuri akifika.

"Nitakupigia mwisho wa mwezi, mama Jaji."

Nikapiga. Jaji hajambo? Hajambo, dada. Anakula? Anakula. Mwezi wa pili alikuwa ameota meno mawili. Wa tatu anasimama kwa kushika kiti. Wa nne amepiga hatua, na wa tano anafukuza kuku uani, anaanguka, anainuka, anawafuata tena. Hapo nilicheka mpaka nikapaliwa. Mwanamke ambaye wodini ungemtoa neno kwa koleo, kwenye simu alikuwa hanyamazi, na mimi nilijipa sifa zote.

Mwezi wa sita nikaenda. Nilikuta nyumba ya vyumba viwili, ua umefagiliwa. Nikaweka mizani sakafuni, nikafungua ubao wa kupimia urefu, nikatoa utepe wa kupimia mkono.

"Haya, mleteni mheshimiwa."

Mama Jaji aliitazama mizani. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni anachambua mboga. Akaacha.

"Nani aletwe?"

"Jaji. Mtoto."

"Mwanangu, huyo tulimzika. Hata wiki mbili hazikuisha tangu watoke hospitali."

Sitajisafisha. Kilichonipanda kwanza kilikuwa hasira, wala si huzuni. Nilifikiria majibu ya miezi mitano, yote ya uongo, kwenye utafiti uliowekwa kutafuta vifo kama hicho.

"Mama, mbona umenidanganya?"

"Nilitaka kukwambia ile mara ya kwanza," alisema taratibu. "Lakini hapa ndani walikuwa wamekatazana kumtaja, eti nisahau. Wewe ukapiga, ukamtaja. Ukauliza kama hajambo. Nikajikuta nimesema hajambo." Akaniangalia. "Ningekwambia, ungepiga tena?"

Jibu lilikuwa hapana. Badala ya kulitamka, nikamwuliza ilikuwaje.

"Alianza kuhema mbio Alhamisi. Nikaichukua ile karatasi yako, nikaigeuza huku na huku. Kusoma sijui, dada. Nikasema ngoja, mwisho wa mwezi utapiga, nitakuuliza. Jumamosi asubuhi..."

Maswali tisa kila mwezi, miezi mitano, na lile moja la kama anajua kusoma sikuwahi kumwuliza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwambia nisamehe, mama Jaji. Alitikisa kichwa tu, sijui kama ni kukubali au kukataa.

Nikachukua simu ya kazi, ambamo fomu zetu zote zimo, niandike tarehe ya kifo. Nilikuwa nimemdai ukweli, kwa hiyo nikampa na wangu: nikishaandika, mtoto anatoka kwenye orodha siku hiyo hiyo, na hakuna tena simu ya kumwulizia.

Aliiangalia simu mkononi mwangu.

"Basi usiandike leo," alisema. "Andika kesho."

Tarehe ya kifo ni ile ile, iandikwe leo, iandikwe kesho. Mama mkwe alikuwa ameinuka anaingia ndani, anajifuta macho kwa kiganja. Nikaketi sakafuni kando ya mizani, nikafungua maswali ya mwezi wa sita. La kwanza linauliza kama mtoto yu hai. Nikaliruka.

"Anakula vipi?" nikauliza.

"Anakula vizuri," akasema mama yake, "ila siku hizi hataki kulishwa. Anataka ashike kijiko mwenyewe."