Saa ya Chooni

Kazi ya mchambuzi wa mifumo ya kompyuta ni kutazama na kuuliza: watu wanafanyaje kazi, wanakwama wapi, kisha awaeleze kwa michoro waandika programu watengeneze nini. Ndiyo maana dada mmoja wa kazi hiyo, ambaye wenzake walimwita Maswali, alishinda nyuma ya wapokea simu wa shirika la maji, kimya kama paka aviziaye.

Kasoro aliiona upesi. Jina la kila mteja liliandikwa upya kwenye skrini tatu, na foleni ya simu ilirefukia hapo. Akaona na jingine: hakuna aliyekunywa hata tone la maji. Mama mjamzito aliyekaa karibu naye alikuwa akilamba midomo iliyokauka. Alipoulizwa, alinong'ona kwamba msimamizi husimama mlangoni mwa choo, na anayekwenda mara ya pili husemwa mbele za watu.

Jioni meneja wa shirika alimpokea akichokonoa meno. Maswali akamweleza habari ya skrini. Meneja akakitazama kilichonasa kwenye kijiti, akakipangusa kwenye kiti, akasema skrini zingoje. Yeye alitaka mfumo wa kuhesabu dakika za kila mtu chooni, na zikizidi, ulie mlio wote wasikie.

"Wavivu hawa, dada. Na yule mwenye tumbo ndiye sugu wao."

Akacheka mpaka mate yakaruka mezani. Maswali akafunga daftari lake.

"Hilo sichori," akasema.

"Usipochora wewe atachora mwenzako."

"Basi achore. Mimi mikono yangu siichafui."

Nyumbani alikisukuma chakula. Mumewe akamwambia kazi ni kazi, kila ofisi ina mambo yake. Maswali akamuuliza kama angesema hivyo mwenye tumbo angekuwa mkewe; mume akainamia sahani yake.

Mkuu wake kazini hakumgombeza. Kazi aliihamishia meza ya pili, kwa mchambuzi mwenzake, baba mmoja mpole asiyejua kugombana na mtu. Siku chache baadaye huyo mpole akamjia, amekunja uso kama mtu mwenye swali gumu la kitaalamu.

"Hebu nisaidie, dada. Mlio wenyewe uwe kengele, au sauti ya mtu ikitaja jina?"

 Maswali alitoka nje kwenda kutema mate.

Walichagua jina. Yule mama aliitwa mara mbili, akaacha kazi. Skrini zimebaki tatu.