Nyumba Moja, Mama Watatu

Vumbi lilikuja na upepo wa magharibi, jekundu, jepesi, likapita chini ya mlango bila hodi. Elvie akalifagia. Likaja tena. Akalifagia tena huku akiimba, maana leo bwana wa Ustawi wa Jamii anakuja kukagua nyumba, na nyumba hii Elvie aliipenda, jamani, aliipenda mno.

Mabati ya kule kambini, ng'ambo ya mto, aliyajua. Na mvua yake aliijua. Sasa alikuwa na bomba lake, jiko lake, dirisha lenye kioo, mjini kabisa, katikati ya watu weupe. Serikali ya Australia ilikuwa imesema wenyeji weusi nao waishi kama watu wengine, na sharti lake lilikuwa jepesi kutamka: nyumba moja, mama mmoja, jamaa wabaki kwao. Atakayelaza ndugu, arudi kwenye mabati.

Ndugu! Kwa Wawiradjuri, watu wa Elvie, ndugu huzuiwa vipi mlangoni? Neta, dada yake, alikuwa akilala chumba cha nyuma tangu baridi ianze, yeye na kicheko chake, na nyumba ilipata joto. Na kwao dada wa mama si mama mdogo wala mkubwa. Ni mama tu. Joyleen, binti wa Elvie, hata shule hajaanza, alikuwa na mama wawili na hakuona ajabu.

"Leo wewe mgeni," Elvie alimwambia dada yake. "Umekuja kunisaidia kufua. Jioni unarudi kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Neta!"

"Haya, mgeni nimesikia. Mbona mgeni hajapewa chai?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Blanketi la Neta lilikuwa limekwisha kurushwa juu ya ua, kwa Stamatia, Mgiriki wa nyumba ya pili. Hata yeye serikali ilikuwa na neno naye: ajifunze Kiingereza, asinuke vitunguu saumu, asipige kelele dukani. Maneno alikuwa amejifunza machache, na yote aliyasema kwa kelele.

Bwana Pettifer wa Ustawi akaja. Akapitisha kidole juu ya rafu. Akafunua shuka, akafungua kabati, akanusa sinki. Safi. Nyumba moja, mama mmoja. Safi. Kisha bwana akachuchumaa mbele ya Joyleen akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Elvie.

"Binti, chumba kile cha nyuma analala nani?"

"Mama."

"Na hiki cha mbele?"

"Mama."

Ee nyumba! Ee bomba, ee dirisha! Mtoto hakukosea, alisema kweli aliyofundishwa tangu akinyonya, na kweli hiyo ilikuwa inawatoa nje.

"Mama yako ni yupi, basi?"

Joyleen akamnyooshea kidole Elvie. Akamnyooshea na Neta, pale uani kwenye kamba ya nguo, vibanio mdomoni. Bwana akakunja uso.

Nyuma ya ua Stamatia alikuwa akisikiliza. Mengi hayakumwingia, lakini "mama" lilimwingia. Akaja na sahani ya biskuti, hodi hakupiga.

"Mama! Mimi mama!" akapaza sauti. "Yeye kula kwangu. Mimi mama!"

"Huyu pia," Joyleen akakubali, mkono tayari sahanini.

Bwana Pettifer akamtazama Mgiriki, akamtazama mtoto, akaangua kicheko. "Kumbe kwake kila mwanamke ni mama!"

"Ndivyo tulivyomlea, bwana," alisema Elvie.

Bwana akasifu adabu ya mtoto, akachukua biskuti, akaondoka. Gari lake likatimua vumbi, likatua juu ya shuka zote zilizofuliwa, na hakuna aliyekimbilia kuzianua. Waliacha mlango wazi. Vumbi likaingia likakaa, kama mtu wa nyumbani.

Neta alikuwa ameketi chini, anafuta machozi ya kucheka, au machozi tu. Serikali ilitaka watu waungane, na leo wameungana.

"Stamatia, pole sana," alisema. "Umetamka mbele ya serikali. Kwetu umama haurudishwi."

"Hairudishi? Nini?"

"Maana yake kesho watoto wa kaka yetu wanakuja kutoka kambini. Wanakula kwako."

Stamatia akatafuta neno katika machache aliyokuwa nayo. Akalipata.

"Wangapi?" aliuliza, mikono ya blauzi ikipanda viwikoni.