Barua ya Saa Mbili Asubuhi

Mimi ni Shuaib bin Hemed bin Msellem bin Khatoro, mzaliwa wa Chake Chake, Pemba. Mzee Khatoro alishika mizani ya karafuu kwa miaka thelathini, na hakuna mkulima aliyerudi kutaka apimiwe mara ya pili. Msellem, babu yangu, alisomesha chuo cha Kurani na kuadhini. Watu walifuturu kwa sauti yake bila kulitazama jua. Baba yangu Hemed alikuwa karani wa mahakama ya kadhi, akiandika katika daftari siku na saa ya kila ndoa, kila talaka na kila kifo cha wilaya yetu. Katika nyumba hiyo hakupata kutokea mtu ambaye ushahidi wake ulikataliwa. Nayataja haya kwanza ili mjue nilirithi nini, kabla sijawaeleza nilivyokipoteza.

Baba aliniachia saa yake ya mfukoni. Mishale yake haikupata kusomeka kwa hesabu ya Kizungu: jua likitua ni saa kumi na mbili, na usiku unaoingia ni wa siku inayofuata. Nilisomesha hesabu kwa saa hiyo miaka ishirini na sita. Mwaka 1996 nilipokuja Texas kuishi na binti yangu Hadiya, muuguzi, katika fleti ya Euless ambako ndege hupita juu ya paa mchana kutwa, niliifuatisha na jua la huku, lakini hesabu yake sikuigeuza.

Mdogo wangu wa tumbo moja, Abdulhafidh, aliishi Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Tulikuwa hatujasemezana miaka mitatu. Alikuwa amemwoza binti yake Jannat, na mimi, mkubwa wa ukoo, nikaarifiwa kwa simu siku mbili kabla, kama mtu anavyoarifiwa kuwa kesho kuna mvua. Nilikata simu. Sikuhudhuria harusi. Nikasema mbele za watu kwamba simu ya kwanza itatoka kwake. Yeye, kwa nilivyosikia, alisema kwamba alikwisha kupiga na mimi ndiye niliyekata. Sote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Januari ya mwaka 2002 ikaja habari kwamba moyo wake umechoka, na hospitali imemrudisha nyumbani kwa kuwa haina la kumfanyia. Hadiya alikuja na simu mpaka kwenye kiti changu, waya wake ukiburuzika sakafuni.

"Baba, mpigie ami. Mtakiane radhi."

"Mkubwa hapigi. Nitaandika. Barua ina adabu yake."

"Barua ya posta itamkuta kaburini."

"Basi itafutwe njia ya upesi."

Akairudisha simu jikoni, akaenda kazini.

Njia ya upesi ilitoka kwa binti yake, mjukuu wangu Hasina, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na akisoma chuo. Aliniambia kwamba Hemed, mwana wa Abdulhafidh aliyepewa jina la baba yetu, humsomea mzee wake barua pepe kila jioni. Nilikataa kumtamkia msichana maneno ya radhi ili ayaandike yeye. Nilitaka kuyaandika kwa vidole vyangu, na nyumbani hapakuwa na kompyuta. Hapo ndipo Hasina alipokwenda Mesquite, kwenye ghala moja lililokuwa likitupa vyombo vyake vya zamani, akarudi amekumbatia sanduku la kompyuta lililogeuka rangi ya njano, limejaa vumbi. Betri yake ndogo, iliyolingana na sarafu, ilikuwa imekufa, akaweka mpya. Programu za kisasa zisingeweza kukaa ndani ya mashine kama ile. Mwenzake wa chuoni, Mkongo aitwaye Polycarpe, alimpa diski tatu za programu nyingine ya kuiendeshea, zenye maandishi ya kalamu nene: Linux.

"Imetengenezwa na nani?" nikamuuliza.

"Na watu wengi, Babu, hata hawajuani. Kila mmoja anaandika kipande, wengine wanakikagua, halafu wanakigawa bure."

"Na anayekigawa anapata nini?"

"Hapati kitu."

"Basi hiyo ni wakfu."

"Ehe, wakfu wa kompyuta." Akapangusa vumbi kwa kanga. "Tatizo ni hii mashine, Babu. Kwa umri wa kompyuta, imekuzidi wewe."

"Kama imenizidi, mbona huiamkii?"

Akainama mbele yake. "Shikamoo, mashine."

Haikuitika. Tulicheka, na sikumbuki kucheka tena mwaka ule.

Kazi ilimchukua siku nne. Kwanza mashine ilikataa kuzisoma diski, akaiamsha kwa disketi. Kisha ikataka ruhusa ya kufuta kila kilichokuwamo, akairuhusu. Kisha haikuitambua modemu iliyokuwa ndani yake, kifaa cha kupitisha barua pepe katika waya wa simu, akaazima nyingine ya nje, kisanduku chenye taa nyekundu, akakichomeka katika laini ya simu ya nyumba, ambayo ilikuwa hiyo moja tu. Kila saa niliuliza kama tayari, na kila saa Hadiya alipopita aliitazama simu ya jikoni, kisha akanitazama mimi.

Jumanne baada ya sala ya Isha ikabaki hatua ya mwisho. Mashine iliuliza tarehe na saa.

"Nipishe hapa, Babu, nijaze. Ni dakika moja."

"Kaa. Chombo kitakachobeba maneno yangu kwa ndugu yangu, nitakijibu mimi."

Nikatoa saa ya marehemu baba. Ilionyesha saa moja na dakika arobaini. Na kwa kuwa jua lilikwisha kutua, usiku ule ulikuwa wa Jumatano. Nikaandika tarehe ya Jumatano.

"Lakini Babu, hiyo saa yako..."

"Saa yangu ina nini?"

"Haina kitu. Ila kompyuta yenyewe inahesabu..."

"Saa hii ndiyo iliyosomwa siku ya ndoa ya bibi yako. Kompyuta hii umeiokota kwenye takataka. Ipi imrekebishe mwenziwe?"

Akaanza kunijibu kwa Kiingereza. Nikamwambia katika nyumba hii wakubwa hujibiwa kwa lugha yao. Akasema, "Samahani, Babu." Nikabonyeza.

Mashine ikaelewa kwamba ni saa moja na dakika arobaini baada ya usiku wa manane wa Wamarekani, ikatangulia mbele kwa muda wa saa sita. Mimi sikuliona hilo. Mashine ile haikuweza kubeba picha. Ilitupa skrini nyeusi yenye herufi nyeupe, bila saa pembeni. Hasina alikusudia kuirekebisha nikilala, lakini alikuwa na mtihani kesho yake, na usingizi ukamchukua juu ya daftari.

Alhamisi asubuhi nilibaki peke yangu. Hasina alikuwa ameniandikia amri tatu katika karatasi: ya kuunganisha, ya kutuma, na ya kukata. Niliandika hivi: "Ndugu yangu Abdulhafidh, nimesikia kwamba huna afya. Neno lililopita baina yetu nimelisamehe, nami nakuomba unisamehe. Jumamosi, Mungu akipenda, nitafika." Nikaunganisha, modemu ikapiga kelele, kisha ikatulia. Nikatuma. Saa yangu ilisema saa mbili na dakika tano. Nikaisoma barua yangu mara nyingine, nikaridhika na mpangilio wa maneno yake, nikaondoka mezani kwenda kuvuta uradi chumbani. Simu haikulia asubuhi nzima. Nilifurahia utulivu ule.

Saa sita mchana Hadiya aliingia na nguo zake za kazi. Watu wa Houston walikuwa wamempigia hospitalini, kazini kwake.

"Baba, ami ametutoka. Saa tano."

Nikamuuliza kama barua ilimfikia. Alikuwa anatazama taa ya modemu, ambayo bado ilikuwa inawaka. Aliuchomoa waya wake ukutani, akakaa chini palepale.

Tulifika Houston na magharibi. Hadiya na Hasina waliingia ndani kwa kina mama. Mimi nikaingia sebuleni, ambako wanaume walikuwa wamekaa juu ya mikeka. Hemed aliinuka. Alikuwa na sura ya baba yangu, hata namna ya kusimama. Mkononi alishika karatasi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira."

"Amin. Ami, hii barua ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeiandika lini?"

"Leo asubuhi, saa mbili na dakika tano."

Akaigeuza karatasi kwa wazee waliokaa karibu naye. "Imeandikwa hapa juu, na kila mtu mwenye macho asome. Saa nane na dakika tano mchana. Mzee alifariki saa tano. Saa nane tulikuwa tunamwosha. Ami alikwisha kupewa habari, ndipo akakaa akamwandikia maiti kwamba amesikia hana afya."

"Wallahi, Hemed, niliandika asubuhi."

"Ami, usiape. Tafadhali usiape."

Nikawatazama wale wazee mmoja mmoja. Watatu kati yao walikuwa watu wa Pemba na walimjua baba yangu. Mmoja alijikohoza. Mwingine akaanza kuzungumzia muda wa kuondoka kwenda makaburini. Hivyo ndivyo ushahidi wa nyumba yetu ulivyokataliwa, bila ukali, kama mtu anavyoondoa kikombe kilichopasuka asimwaibishe mwenye nyumba.

Ijumaa tulimzika. Nilisogea mbele kusalisha, ilivyo haki ya mkubwa, na Hemed akanishika kiwiko kwa heshima, akamwita mtu mwingine. Nilisali safu ya tatu. Kaburini waliingia yeye na wakwe. Mimi nilitia udongo wa viganja vitatu kama mpita njia.

Hasina alikuwa akinisubiri kando ya gari. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Babu, ni saa yako. Ulijaza saa ya Kiswahili, na tarehe ya siku ya pili. Kompyuta imekwenda mbele saa sita. Nilijua usiku uleule."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Babu."

Akanipa karatasi. Alikuwa amemwomba Jannat amfungulie kompyuta ya nyumba ile, akaitoa barua yangu pamoja na mistari ambayo kwa kawaida haionekani. Kila mtambo unaopokea barua njiani, alinieleza, huigonga muhuri wa saa yake wenyewe, kama zifanyavyo posta. Saa ya juu ilikuwa ya mashine yangu. Mihuri mingine yote, wa Dallas na wa Houston, ilisema saa mbili na dakika tano asubuhi.

Nilirejea kwenye ile nyumba nikitembea kwa kifua mbele, karatasi imenyooka mkononi, nikasimama mbele ya Hemed na mbele ya wazee walewale. Nikatoa saa ya baba, nikaeleza kosa langu la kujaza, nikaonyesha mihuri. Hemed alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Alikuwa mhasibu, aliyezoea kukagua mihuri na tarehe.

"Ni kweli," alisema. "Saa mbili na dakika tano. Ami, nimekudhulumu mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu."

"Nimekusamehe."

Hakuinua uso. Kidole chake kilikuwa bado juu ya mstari ule.

"Ulituma kwa laini ya simu ya nyumbani?"

"Ndiyo."

"Ukakata saa ngapi?"

Nikairudisha saa ya baba mfukoni.

"Jana asubuhi mzee aliamka na akili zake," Hemed alisema. "Aliniambia, nipigie kaka, nataka kuisikia sauti yake. Ilikuwa saa mbili na robo. Laini inatumika. Nikapiga tena. Nimepiga mara tisa, ami, mpaka saa tano kasoro dakika kumi. Nilidhani simu yenu imeharibika. Hilo nilikupa udhuru. Hili la saa ndilo lililonichoma." Akaikunja karatasi mara mbili. "Mzee alinishika mkono. Akasema, mwache, kaka ana shughuli zake."

Hapakuwa na aliyejikohoza safari hii. Nilikuwa nimeleta ushahidi wa kunisafisha, na ushahidi ule ulikuwa wa kweli kila neno. Barua yangu ilikaa ndani ya kompyuta, hatua kumi kutoka kitandani kwake, isisomwe na mtu. Na wakati huohuo, kwa kuwa sikutimiza amri ya tatu, mlango ambao ndugu yangu aliubisha mara tisa nilikuwa nimeufunga mimi. Alikuwa amepiga kwanza. Mara ya pili katika maisha yetu, alikuwa amepiga yeye kwanza.

Mashine ile ipo hadi leo chumbani kwangu Euless. Hasina alitaka kuirekebisha saa yake, nimemkataza. Inakwenda mbele saa sita, na kila ninapoiwasha inaniuliza jina langu.

Sasa nisikilizeni, Hasina, Hemed, Jannat, na nyote mnaofuata. Nimekulia katika adabu ya kwamba mdogo hamrudii mkubwa neno, na kwa adabu hiyo nilimnyamazisha mtoto aliyekuwa anajua. Kuanzia leo nawaamuru kinyume chake. Mkubwa wenu akikosea hesabu, mwambieni. Akiwakemea, mwambieni tena. Akitoa saa ya baba yake mfukoni, mwambieni mara ya tatu. Na yeyote kati yenu mwenye neno na nduguye, asiende kutafuta kalamu wala mashine. Simu iko ukutani jikoni. Iinueni sasa hivi, mimi nikiwa nawatazama.