Mzinga wa Kasimiri

Tangu asubuhi Tekla alizunguka makaburi ya Pangani akitafuta msalaba wa kaka yake, Kasimiri, aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge. Mama yao aliagiza udongo wa kaburi lake, na lori la kurudi Tabora lingeondoka adhuhuri.

"Mbona unahangaika, mwanangu?" aliuliza mama mmoja mkaanga samaki. Tekla alipomtajia Kasimiri, akasema, "Mnyamwezi wetu? Msalaba hatukujua kuuchonga. Tulimzika pale, chini ya mzinga wake."

Juu ya mkorosho ulining'inia mzinga wa gogo, kama mizinga ya baba yao.

"Tulimcheka, mfuga nyuki kati ya wavuvi! Asali yake tukaimaliza."

Honi ya lori ililia.

"Nitapanda la kesho," alisema Tekla, akaketi chini ya mkorosho.