Baba Kichwa Chini Harusini

Mdogo wangu Po-yen alimwoa Shu-lan chini ya hema lililoziba barabara nzima mbele ya nyumba yetu, mjini Lukang. Kabla samaki hajaletwa mezani, zilipangwa kuonyeshwa picha za maharusi tangu utotoni. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu Baba amembeba Po-yen mgongoni.

Mjomba A-hai alijitwika kazi ya kompyuta. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, mara Baba akatokea kwenye pazia la kuonyeshea picha, miguu juu, kichwa chini. Mjomba akababaika, kiwiko kikakipiga kumbo kipanya, kikatumbukia kwenye supu ya kamba.

Mama alifura. "A-hai! Unamning'iniza mume wangu kama popo mbele ya wakwe?"

"Dada, nisamehe, hata mimi sijui nimegusa nini!"

Kompyuta yenyewe tuliazima, na kile kibao chake cha kupapasa kwa kidole kilishakufa zamani. Bila kipanya, tukabaki kukodoa macho.

Ndipo bibi harusi akainuka, gauni jekundu kalikusanya mkononi. "Nipisheni. Nitaiamuru kwa maandishi."

Akafungua kidirisha cheusi cha amri. Lakini maneno nayo yalitokea kichwa chini.

"Po-yen, nisomee ninachoandika."

Mdogo wangu, na suti yake mpya, akaipa kompyuta mgongo, akainama, akachungulia katikati ya miguu yake. Wageni hoi kwa kicheko.

"Start, nafasi, ms-settings, nukta mbili, display," akasoma. "Fanya haraka, damu yote imeshuka kichwani!"

Shu-lan akabonyeza Enter, na ukurasa wa mipangilio ya skrini ukafunguka wenyewe. Akashuka kwa vitufe hadi kwenye mwelekeo wa picha, Po-yen akimwongoza, "Chini tena, tena, hapo hapo!" Akachagua. Baba akasimama wima, anatabasamu.

Hema lililipuka kwa vifijo. Mama alimrukia mkwewe, akamkumbatia kwa nguvu hata mikono ya bibi harusi ikanaswa. Na huku wanakumbatiana, Baba akapinduka tena.

"Mama, niachie kwanza! Inauliza kama nakubali mabadiliko. Nisipoijibu, inarudi ilikokuwa."

"Mwanangu, si umeshakubali leo asubuhi mbele ya ukoo mzima?"

Tulicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuona kulikoni. Shu-lan akarudia, Po-yen akainama tena huku akilalamikia kiuno, na safari hii Mama alijishika mikono mwenyewe mpaka mkwewe alipojibu ndiyo.

Baba akatulia pale juu. Mama akamtazama kitambo, machozi yakimtoka huku anacheka, kisha akamvuta Shu-lan akae kando yake.

"Mtazame baba mkwe wako," akamwambia. "Masikio ya Po-yen yametoka pale."

"Kumbe! Nilikuwa natafuta wa kumlaumu," Shu-lan akajibu.

Mama akampiga kofi dogo la mapenzi begani. Mpishi akapaza sauti kwamba samaki anapoa.