Mlima wa Kitinda

Kitinda alikuwa mpaka rangi wa majengo, tena hodari, hadi siku jukwaa la mbao lilipomponyoka miguuni akaanguka kutoka ghorofa ya pili. Uhai ulibaki, miguu ikagoma. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufariki, kwa hiyo dada yake alimchukua akaishi naye katika vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Walikuwa chanda na pete, ingawa chanda na pete nao wana siku zao za kubanana. Hospitali ilimpa Kitinda kiti cha magurudumu. Kwa miaka miwili kiti hicho kilikuwa cha kuanikia nguo, maana mwenyewe alikataa katakata kuonwa barabarani akisukumwa.

Lakini nyumbani alisafiri. Wodini, muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa amemfundisha njia ya kuyakimbia maumivu: lala chali, vuta pumzi polepole, jione umelala, kisha inuka uuache mwili hapo kitandani utoke. Kitinda aliipokea njia hiyo kama mwenye njaa anavyopokea sahani, na baadaye akamwingiza dada yake. Kila jioni Dada aliporudi kazini alijilaza kwenye mkeka kando ya kitanda, mdogo wake akaongoza kwa sauti, na wote wawili wakaondoka. Walivuka jangwa la mchanga mwekundu. Waliiba farasi wa mfalme asiye na ufalme. Kwa wiki tatu sasa walikuwa wakipanda mlima ambao Kitinda aliapa kwamba nyuma yake kuna nchi ambayo hakuna mtu amewahi kuiona.

Alikuwa na sharti moja. Huondoki chumbani kabla hujakiona chumba chote. Macho yamefumbwa, unaanza na mlango, unaufuata ukuta, unataja kila kitu na mahali kilipo. "Asiyejua alipoondokea hajui pa kurudia," alikuwa akisema.

Mwanzoni Dada alikwenda kwa huruma tu. Baadaye akajikuta anaingoja jioni. Kilichomtia hofu ni kwamba siku hizi Kitinda alichelewa kurudi. Ilibidi aitwe mara tatu, mara nne, na alipofumbua macho uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Dada aliliona hilo akalimeza.

Kazi yake ilikuwa mtunza ghala katika kampuni ya kuhifadhi samaki na nyama, na wenzake walimwita Mama Barafu. Kulikuwa na vyumba vinne vya baridi. Mlango wa chumba namba nne ulijifunga wenyewe, na kitasa chake cha ndani kilikuwa kimevunjika tangu miezi miwili nyuma. Dada alikwisha kumwambia meneja mara nyingi. Meneja alijibu kesho kila mara, hata wafanyakazi wakambatiza Bwana Kesho, na inasemekana hata harusi yake iliahirishwa mara mbili. Basi watu waliegemeza kreti mlangoni wakaingia, wakatoka, maisha yakaendelea.

Jumamosi kazi iliisha saa saba mchana. Saa saba kasoro kidogo Dada alikumbuka kwamba hajahakiki lebo ya shehena moja iliyoingia asubuhi. Koti lake zito alikuwa ameshalitundika. Ni dakika mbili, akajiambia. Akaweka kreti mlangoni, akapita pazia la plastiki akiwa na sweta na ovaroli, akaenda hadi mwisho wa chumba, nyuma ya maboksi yaliyopangwa kupita kimo cha mtu.

Mpakiaji aliyekuwa akifagia ukumbi aliiona kreti, akaita kama kuna mtu. Feni za baridi zina ngurumo isiyoruhusu neno lipite. Hakujibiwa. Akaiondoa kreti, mlango ukajifunga, na kwa kuwa alikuwa mfanyakazi mzuri asiyependa umeme upotee bure, akazima taa. Swichi ilikuwa nje.

Dada alisimama katika giza ambalo mtu hawezi kuuona mkono wake. Alipapasa akarudi mlangoni, akashika kisiki cha kitasa, akakizungusha, kikazunguka bure. Akapiga mlango kwa ngumi, kwa viatu, kwa kipande cha ubao. Akaita hadi sauti ikakwaruza. Mlango ule ulikuwa mnene kama godoro. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa ukumbini. Hakuna ambaye angefungua tena hadi Jumatatu asubuhi, na katika baridi ile, kwa sweta, hata jioni ilikuwa mbali.

Hofu ilimpanda. Akaanza kukimbia pale pale alipo, akajigonga begani, akaanguka. Hapo chini, mashavu yakimchoma, akatambua kwamba akiendelea hivyo atamaliza nguvu zake ndani ya robo saa. Akafanya kitu pekee alichojua cha kuituliza roho. Akafumba macho, ingawa kufumba na kufumbua yalikuwa mamoja, akavuta pumzi polepole kupitia sweta, na kwa mazoea akaanza na mlango.

Mlango. Kushoto, pazia. Ukuta wa kushoto, maboksi ya samaki, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kati ya wa tatu na ukuta, upenyo wa kupita mtu kwa ubavu. Juu, feni mbili. Chini ya feni ya pili, usawa wa kichwa, kijiti cha chuma chenye unene wa penseli, kimebanwa ukutani, na waya mwembamba unaotokea nyuma yake.

Akasimama hapo. Kile kijiti kilikuwa kipimajoto. Mwaka uliopita fundi wa mitambo alimgombeza kwa kukishika, akamweleza kwamba joto la mkono tu linakidanganya, na kikidanganyika king'ora kinalia kwenye chumba cha mitambo nyuma ya jengo. Fundi hakuwa mtu wa saa saba. Zamu yake Jumamosi iliisha saa tisa.

Dada aliipita njia yote akilini kwanza, hatua kwa hatua, kisha akaupitisha mwili humo humo. Alihesabu mistari kwa bega. Alijipenyeza ubavu ubavu, barafu ya ukutani ikimkwaruza mgongo. Akanyanyua mkono, akakosa, akasogea nusu hatua, akakipata. Viganja vyake vilikuwa vimeshakuwa baridi kama chuma chenyewe, havingemdanganya mtu. Basi akakichomoa kwenye kibanio, akavuta waya, akakisokomeza ndani ya nguo hadi kwapani, akabana. Kilimuuma kama jeraha. Alibana.

Kuanzia hapo hapakuwa na la kufanya zaidi ya kusubiri, na kusubiri ndiko kulikotaka kumuua. Hakusikia king'ora chochote, na hakutarajia kukisikia. Dakika zilipita asijue ngapi. Alitetemeka hadi meno yakagongana, kisha, bila yeye kuliona badiliko, akaacha kutetemeka. Hali ikawa nzuri. Joto likamjia kuanzia tumboni, kama aliyeota jua.

Akaona mlima. Safari hii hakuwa ameuita. Njia ilikuwa kavu, majani yalinukia, na mbele yake Kitinda alikuwa akitembea kwa miguu yake miwili, amevaa ovaroli ya kazini yenye madoa ya rangi, akiruka mawe. Kilele kilikuwa pale, hatua thelathini tu. Kitinda aligeuka akacheka, akamnyooshea mkono.

"Njoo, dada. Tumefika. Upande wa pili unaonekana."

Hakuwahi kutamani kitu namna ile. Alipiga hatua moja. Mkono ukalegea ubavuni, na kile chuma kikateleza kidogo kikamgusa mahali papya. Maumivu yalikuwa madogo, kama yanatoka kwa mtu mwingine, lakini yakamfanya ajiulize ameondokea wapi. Mlango, akasema. Hakuukumbuka uko upande gani. Hilo ndilo lililomshtua, kwamba hakujua mlango uko wapi, na chini yake kuna mwili wake unaolala.

Mdogo wake bado alikuwa amenyoosha mkono, na Dada alijua kwamba akigeuka anamwacha peke yake juu kule, akiwa mzima, akiwa amesimama.

"Nenda wewe," alimwambia. "Mimi nabaki."

Kitinda hakukasirika. Alimtazama tu, na kutazamwa kule ndiko kulikomliza Dada. Akajiuma mdomo hadi akaonja damu. Akaanza kutaja vitu kwa sauti, mlango, pazia, mstari wa kwanza, wa pili, akikosea anarudia, ulimi mzito kama wa mlevi, mkono umebana.

Fundi wa mitambo baadaye alisimulia upande wake kwa aibu. King'ora kililia, akakizima, maana cha chumba namba nne kilikuwa na tabia ya kulia ovyo. Kikalia tena, akakizima tena, akaendelea kula. Mara ya tatu alitazama kipimo akakuta chumba kinadai kina joto la mtu mwenye homa. Samaki hawaugui homa, aliwaza. Akaja na tochi, akitukana njia nzima, akafungua mlango. Alimkuta amekaa nyuma ya mstari wa tatu, anataja mapazia.

Alilazwa siku nne. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto zilikatwa. Mke wa muuza vioo alimwangalia Kitinda siku hizo, na aliporudi nyumbani dada mtu alikaa siku mbili nzima akizunguka jambo. Siku ya tatu alilisema. Alieleza mistari mitatu ya maboksi aliyoihesabu gizani, kisha mlima, kilele, mkono ulionyooshwa, na alivyokataa.

Kitinda aliitazama miguu yake.

"Nilikuwa natembea vizuri?" aliuliza.

"Ulikuwa unaruka mawe."

"Ukaniacha."

"Nilikuacha, mdogo wangu. Ningekuja, usingeniona tena."

Kitinda aligeukia ukuta. Dada alidhani mambo yameishia hapo, kwamba amevunja kitu kisichoungika. Lakini baada ya kitambo alisikia sauti ikitokea ukutani, ndogo, ya mtu anayekiri wizi. Kitinda alisema kwamba mara nyingi kule juu hupanga asirudi. Kwamba zile mara nne anazoitwa, husikia tangu ya kwanza.

"Najua," alisema Dada, na kwa kweli alikuwa anajua.

Hawakusafiri jioni hiyo wala iliyofuata. Jumatatu asubuhi, Dada akijiandaa kwenda kuonyesha karatasi za daktari kazini, Kitinda alimwambia aondoe nguo kwenye kiti.

Ilikuwa mwendo wa nusu saa, na watu walitazama. Mwenye kibanda cha simu alitazama hadi akamrudishia mteja simu isiyo yake. Kitinda alikuwa ameshika mikono ya kiti, vidole vyeupe, uso mbele, na Dada aliyekuwa akisukuma kwa mkono mmoja na nusu alisikia pumzi za mdogo wake zikienda polepole, kwa hesabu, kama wakati wa kuondoka. Alitaka kumuuliza kama yupo. Hakuuliza.

Ofisini Bwana Kesho alisimama, akatoa pole ndefu, akasema kitasa kitashughulikiwa bila kukosa. Kitinda alimwambia kwamba wao hawana haraka, wataketi hapo hapo wakisubiri, na yeye hasa alikuja na kiti chake. Meneja alimtazama, akamtazama Dada na bendeji yake, akamwita fundi. Saa nne na nusu kitasa kipya kilikuwa mlangoni.

"Kijaribiwe," alisema Kitinda. "Na mimi."

Dada alikataa. Kitinda akamwambia kwa upole kwamba habari za kurudi anazijua yeye mwenyewe, basi amwache. Alivalishwa makoti mawili, akasukumwa ndani, mlango ukafungwa. Ukumbini watu wanne walisimama wakingoja. Bwana Kesho alitazama saa yake. Dada alikuwa ameweka kiganja kizima kwenye mlango, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alianza kutetemeka. Dakika moja. Fundi alinyoosha mkono afungue, Dada akamzuia, asijue kwa nini. Dakika ya pili ikaingia.

Kitasa kilizunguka. Mlango ukaja polepole, ukisukumwa na gurudumu la mbele la kiti, na Kitinda akatoka na mvuke mdomoni.

"Nilikuwa naangalia vitu," alisema. "Ulisema mistari mitatu. Iko minne."

Dada hakurudi tena vyumba vya baridi. Alihamishiwa mapokezi ya mizigo, kwenye jua. Siku ile ya kitasa, walipokuwa wakirudi nyumbani, Kitinda alitaka wapite barabara inayoteremka. Kule juu ya mteremko alisema asishikwe sana. Dada alishika kwa mkono mmoja, kiti kikachukua mwendo, na ikambidi akimbie.